Je, Mafarisayo walikuwa vibaraka wa Warumi?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Katika kikundi chetu cha kusoma Biblia tumefika Marko sura ya 12, pale Mafarisayo na Maherode wanapomwuliza Yesu kama ni halali kumpa Kaisari kodi. Ubishi ukazuka. Mzee mmoja akasema Mafarisayo walikuwa vibaraka wa Warumi. Kijana akamjibu kwamba vibaraka walikuwa Masadukayo, na Mafarisayo ndio waliokuwa wapigania uhuru. Mimi ndiye ninayeongoza kikundi na sikuwa na la kusema. Nani yuko sahihi? Na Warumi wenyewe waliyaonaje madhehebu haya?"

Marahaba, ndugu yangu. Kijana wenu amekaribia ukweli kwa upande wa Masadukayo. Kwa Mafarisayo, yeye na mzee wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja: wanadhani madhehebu haya yalikuwa vyama vya siasa, kimoja cha kumuunga mkono mkoloni na kingine cha kumpinga. Mafarisayo, Masadukayo na Waesene wote walikuwapo kabla askari wa Kirumi hajakanyaga Yerusalemu. Walikuwa wakigombana juu ya Torati, usafi, kalenda ya sikukuu, ufufuo wa wafu, na nani ana haki ya kusimama madhabahuni. Roma ilipoingia iliukuta ugomvi huo umekwisha kuwa wa zamani. Kila kundi likampima mtawala mpya kwa kile lilichokuwa limekishika mkononi: huyu mgeni atakigusa au atakiacha? Ukilishika hilo, mengi yanayoonekana kupingana yataanza kueleweka.

Tuanze na namna Roma ilivyoingia, maana wengi husimulia kama uvamizi mtupu. Mwaka 67 KK alifariki Malkia Salome Alexandra, aliyekuwa amewapa Mafarisayo nguvu kubwa katika utawala wake. Wanawe wawili, Hyrcanus na Aristobulus, wakapigania kiti. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, lakini jemadari wa Kirumi Pompeius, aliyekuwa Dameski na majeshi yake, hakwenda kulima. Ndugu wote wawili walimwendea na zawadi, kila mmoja akiomba upande wake usaidiwe. Likaja na kundi la tatu, wawakilishi wa watu, waliosema hawamtaki mfalme yeyote kati ya hao; wanataka kurudi kwenye desturi ya kuongozwa na makuhani wa Mungu. Yaani wapo Wayahudi waliomwomba Mrumi awaondolee wafalme wa Kiyahudi.

Na walikuwa na sababu. Baba wa ndugu hao, Mfalme Alexander Jannaeus, aliwahi kuwasulubisha wapinzani wake 800 mjini Yerusalemu, na wanahistoria wengi wanaamini walikuwa Mafarisayo na wafuasi wao. Mtu ambaye baba yake alitundikwa msalabani kwa amri ya mfalme aliye pia kuhani mkuu hawezi kuuona utawala wa kigeni kama unavyouona wewe uliyesoma habari hizo miaka elfu mbili baadaye. Pompeius aliuteka mji mwaka 63 KK. Aliingia hadi Patakatifu pa Patakatifu, pahali ambapo kuhani mkuu peke yake aliruhusiwa, mara moja kwa mwaka. Hakuchukua hazina, na siku ya pili akaamuru hekalu litakaswe na sadaka ziendelee. Mambo hayo mawili, unajisi na ruhusa ya kuendelea, yalikaa pamoja katika kumbukumbu ya Wayahudi kwa miaka 130 iliyofuata.

Sasa, Roma ilitawalaje? Hapa nakuomba uvumilivu, maana ndipo kiini cha jibu kilipo.

Biblia yetu ya Kiswahili inamwita Pilato liwali na ofisa wa jeshi inamwita akida. Watafsiri walichukua maneno ya utawala wa pwani yetu: maliwali wa Sultani wa Zanzibar, na baadaye maakida waliotumiwa na Wajerumani. Chaguo hilo linatusaidia kuliko tunavyofikiri, kwa kuwa msomaji wa Kiswahili anajua bila kuelezwa maana ya mtawala wa mbali anayetumia wakuu wa palepale. Liwali wa Kirumi aliishi Kaisaria, pwani, akiwa na askari elfu chache tu, wengi wao wenyeji wasio Wayahudi kutoka Kaisaria na Sebaste. Majeshi makubwa yalikuwa Shamu. Yerusalemu alipanda nyakati za sikukuu, mji ulipojaa mahujaji. Siku za kawaida mji uliendeshwa na kuhani mkuu pamoja na baraza lake. Wao ndio waliotuliza watu, waliohakikisha kodi inafika, na walioitwa kujieleza fujo zikitokea.

Kwa sababu hiyo Roma haikuliacha suala la kuhani mkuu lijiamulie lenyewe. Zamani kuhani mkuu alidumu hadi kufa. Herode, aliyefanywa mfalme na Seneti ya Roma mwaka 40 KK, alivunja desturi hiyo, akawa anaweka na kuondoa. Mwaka 6 BK Roma ilipomwondoa Arkelao mwana wa Herode na kuitawala Uyahudi moja kwa moja, maliwali wakaendelea na mtindo uleule. Valerius Gratus, aliyemtangulia Pilato, alimwondoa Anasi, akamweka mwingine, akamwondoa, akamweka mwingine tena, mpaka alipompata Kayafa, aliyekaa kazini miaka kama 18. Miaka hiyo 18 inakwambia jambo: Kayafa alijua kuelewana na maliwali. Mwanahistoria Josephus, aliyekuwa kuhani mwenyewe, alihesabu makuhani wakuu 28 kuanzia Herode hadi hekalu lilipoteketea, kipindi cha miaka 107.

Kuna jambo dogo ambalo naona linaeleza uhusiano huu kuliko sheria yoyote. Mavazi rasmi ya kuhani mkuu, yale ya Siku ya Upatanisho na sikukuu kubwa, yalifungiwa katika ngome ya Antonia chini ya ulinzi wa askari wa Kirumi. Siku saba kabla ya sikukuu yalitolewa, yakatakaswa, akayavaa, kisha yakarudishwa ngomeni. Fikiria mtu anayeingia mbele za Mungu kwa niaba ya taifa zima, naye joho lake limeshikwa na askari asiyemjua Mungu huyo. Mwaka 36 BK Vitellius, liwali wa Shamu, aliyarudisha mikononi mwa makuhani. Miaka michache baadaye liwali Fadus akayataka tena. Wayahudi wakatuma ujumbe hadi Roma, na Kaisari Klaudio akaamua kwamba yabaki kwao. Suala la mavazi lilifika mezani kwa Kaisari!

Haki inataka niseme na upande wa pili. Roma iliwapa Wayahudi mengi ambayo watu wengine wa dola hawakupewa. Julius Caesar, akikumbuka msaada wa kijeshi aliopata kutoka kwao kule Misri, aliwathibitishia uhuru wa kufuata sheria zao, na kodi ikapunguzwa kwa kuzingatia mwaka wa saba ambao ardhi hupumzishwa. Hawakulazimishwa kumwabudu Kaisari. Badala yake, hekaluni ilitolewa sadaka kila siku, mara mbili, kwa ajili ya Kaisari na watu wa Roma: waliomba kwa Mungu wao kwa ajili yake, bila kumwomba yeye. Maliwali walipotengeneza sarafu ndogo za shaba za Uyahudi hawakuweka sura ya mtu. Uani mwa hekalu kulikuwa na mawe yaliyoandikwa kwa Kigiriki kwamba asiye Myahudi akivuka atajitakia kifo, na jiwe moja zima lilipatikana mwaka 1871. Kwa mujibu wa Josephus, Roma ilikubali adhabu hiyo hata kama aliyevuka ni Mrumi.

Baada ya hayo tunaweza kuwatazama Masadukayo kwa haki. Si kila kuhani alikuwa Msadukayo, na tunaowajua kwa majina ni wachache. Ila Matendo ya Mitume sura ya 5 inamtaja kuhani mkuu na wenzake kuwa wa madhehebu hayo, na Josephus anatuambia walikuwa na wafuasi miongoni mwa matajiri huku watu wa kawaida wakiwafuata Mafarisayo. Walishika Torati iliyoandikwa na kuyakataa mapokeo ya wazee. Walikana ufufuo. Walisema hakuna majaliwa: mema na mabaya yanatokana na uamuzi wa mtu mwenyewe. Imani hiyo inamfaa mtu wa madaraka. Kama hakuna ulimwengu mwingine wa kusawazisha hesabu, basi wajibu wako ni kulilinda hekalu leo, sadaka ziendelee kesho asubuhi, na jeshi la Shamu lisipate sababu ya kushuka. Katika Yohana sura ya 11 wakuu wanasema wazi hofu yao: Warumi watakuja kutuondolea mahali petu na taifa letu. Msomaji wa leo huona hapo unafiki mtupu. Mimi naona watu waliojua hesabu ya majeshi. Walikumbuka kwamba mwaka 4 KK, baada ya Herode kufa na ghasia kuzuka, Varus, liwali wa Shamu, alishuka na majeshi yake na kuwasulubisha watu wapatao 2,000.

Sisemi walikuwa watu wema. Familia ya Anasi, aliyewatoa wanawe watano kuwa makuhani wakuu mbali na mkwewe Kayafa, ilitajirika kwa cheo kilichokuwa zawadi ya mgeni. Josephus anasimulia kwamba katika miaka ya mwisho watumishi wa makuhani wakuu walikwenda hadi kwenye viwanja vya kupuria nafaka na kupora zaka, hata makuhani maskini wakafa njaa. Neno "kibaraka" hapo nisingelikataa. Lakini kibaraka huyu alikuwa na kitu halisi alichokilinda, na kitu chenyewe kilikuwa kitakatifu kwa Wayahudi wote.

Mafarisayo ni habari nyingine. Nguvu yao haikutoka Roma wala kwenye kiti. Ilitoka kwa watu waliowaamini katika maswali ya kila siku: chakula, Sabato, ndoa, mazishi. Josephus anasema hata Masadukayo walipopata cheo walilazimika kufuata maneno ya Mafarisayo, la sivyo umma usingewavumilia. Mtu wa namna hiyo anaweza kuishi chini ya mtawala yeyote ilimradi Torati ifundishwe. Na kwa kuwa Mafarisayo waliamini Mungu anaongoza historia huku mwanadamu akiwa na hiari yake, na kwamba wafu watafufuliwa, hawakuwa na haraka ya Masadukayo ya kukiokoa kila kitu leo.

Tazama walivyotenda. Herode alipouzingira Yerusalemu mwaka 37 KK, kiongozi wao Pollion aliwashauri watu wamfungulie milango. Ungesema ni vibaraka. Baadaye Herode alipodai kila mtu aape utii kwa Kaisari na kwa utawala wake, Mafarisayo zaidi ya 6,000 wakakataa. Wakatozwa faini, na mke wa Pheroras, ndugu yake Herode, akawalipia. Hawakushika upanga, wala hawakuapa. Na Herode alipokuwa kitandani akifa, mwaka 4 KK, walimu wawili wa sheria, Yuda na Mathia, waliwachochea vijana waiangushe sanamu ya tai wa dhahabu aliyoiweka juu ya lango la hekalu. Wakachomwa moto wakiwa hai. Josephus hasemi walikuwa wa dhehebu gani, lakini bidii yao kwa mapokeo ya baba zao inafanana sana na ya Mafarisayo.

Msimamo huohuo unausikia kwa Gamalieli, Farisayo aliyeheshimiwa na watu wote, katika Matendo sura ya 5. Mitume wamekamatwa na kuhani mkuu, baraza linataka kuwaua. Gamalieli anasimama na kuwataja Theuda na Yuda Mgalilaya, watu walioinua wafuasi wakaishia kutawanyika. Waacheni, anasema, kama jambo hili ni la binadamu litavunjika, kama ni la Mungu hamtaweza kulivunja. Kiongozi wa hekalu, ambaye kesho ataulizwa na liwali kuhusu utulivu wa mji, hawezi kuzungumza hivyo. Mwalimu wa sheria anaweza.

Kuna kisa kimoja ambacho ningependa mkisome kikundi kizima. Mwaka 62 BK liwali Festo alifariki, na mrithi wake Albinus alikuwa bado njiani. Kuhani mkuu alikuwa Ananus, mwana wa yule Anasi, na Josephus anasema wazi alikuwa Msadukayo, mkali katika hukumu. Akaitumia nafasi hiyo ya kutokuwapo liwali, akaitisha baraza na kumhukumu Yakobo, ndugu yake Yesu, pamoja na wengine, wakapigwa mawe. Waliokasirika ni watu wa mjini waliosifika kwa kuishika sheria kwa uangalifu, maelezo ambayo Josephus kwa kawaida huwapa Mafarisayo. Wakamlalamikia Mfalme Agripa wa Pili kwa siri, na wengine wakaenda kumlaki Albinus njiani na kumweleza kwamba Ananus hakuwa na haki ya kuitisha baraza bila idhini yake. Ananus akaondolewa baada ya miezi mitatu tu. Basi hapo nani kibaraka? Msadukayo aliyeteuliwa na mfalme aliyewekwa na Roma ndiye aliyempuuza liwali, na washika sheria wakamtumia liwali kumzuia. Kila upande uliitumia Roma ilipowezekana.

Waesene nitawapitia haraka. Josephus anawakadiria zaidi ya 4,000. Wengine waliishi vijijini na mijini, wengine walijitenga, na wasomi wengi wanawahusisha na makazi ya Qumran kando ya Bahari ya Chumvi, ambako hati za kale zilianza kupatikana mwaka 1947. Katika hati hizo Warumi wanaitwa Wakitimu, watu wanaozitolea sadaka bendera zao za vita, na ipo hati nzima inayoeleza vita ya mwisho kati ya wana wa nuru na wana wa giza. Ila vita hiyo ingeanzishwa na Mungu kwa saa yake, kwa hiyo walingoja. Herode aliwasamehe kiapo, kwa sababu Mwesene mmoja, Menahemu, aliwahi kumtabiria ufalme. Qumran iliteketezwa vitani mwaka 68, na Josephus anasimulia Waesene walivyoteswa na Warumi bila kukubali kula kilichokatazwa.

Sasa turudi kwenye kodi na sura yenu ya Marko. Mwaka 6 BK Quirinius, yule Kirenio wa Injili ya Luka, alifanya sensa ya watu na mali ili Uyahudi ianze kulipa kodi moja kwa moja kwa Roma. Kuhani mkuu Yoazari aliwasihi watu wakubali, na wengi wakakubali. Yuda Mgalilaya alikataa. Mwenzake alikuwa Farisayo aitwaye Sadoki. Walisema kuandikishwa ni utumwa, na kwamba Mungu peke yake ndiye Bwana na Mfalme. Kumwita mwanadamu bwana ni kumkana Mungu. Josephus anaiita hiyo "falsafa ya nne", baada ya zile tatu, na anakiri kwamba katika mengine yote watu hao walikubaliana na Mafarisayo.

Hilo ndilo linalonifanya nimpinge mzee wenu, na kijana pia. Mafarisayo walikubaliana kwamba Mungu ni mfalme. Hawakukubaliana kama ufalme huo unamkataza mtu kulipa kodi. Mstari ulipita ndani ya dhehebu lenyewe, pengine ndani ya nyumba moja. Kwa hiyo Yesu alipoulizwa kuhusu kodi miaka kama 25 baadaye, swali lilikuwa linachoma bado. Angesema "lipeni", watu wangemwona amemsaliti Mungu kwa hoja ya Yuda. Angesema "msilipe", Maherode, watu wa ukoo uliotawala kwa hisani ya Roma, wangekuwa na shtaka la kumpelekea liwali. Ndiyo maana Marko anawataja wote wawili pamoja. Dinari walioileta ilikuwa na sura ya Kaisari, tofauti na zile sarafu za shaba nilizozitaja. Wana wawili wa Yuda Mgalilaya, Yakobo na Simoni, walikuja kusulubishwa katika miaka ya 46 hadi 48 na liwali Tiberius Julius Alexander, ambaye, na hili huwashtua wengi, alizaliwa Myahudi wa Aleksandria, mpwa wa mwanafalsafa Philo.

Yalikuwapo pia mambo yaliyowaunganisha wote. Pilato alipoingiza Yerusalemu usiku bendera za kikosi zenye sanamu ya Kaisari, umati ulimfuata Kaisaria, ukakaa siku tano nje ya nyumba yake. Alipowazungushia askari wenye panga, wakalala chini na kuacha shingo wazi, wakisema afadhali kufa. Pilato akaziondoa. Kaisari Caligula alipoamuru sanamu yake isimamishwe hekaluni, karibu mwaka 40, maelfu walimwendea Petronius, liwali wa Shamu, na wakulima wakaacha kupanda msimu wa kupanda. Petronius akachelewesha kazi kwa kuhatarisha maisha yake, mpaka Caligula alipouawa Januari 41. Katika visa hivyo husikii Farisayo wala Msadukayo. Ukigusa hekalu kwa sanamu, dhehebu linayeyuka.

Vita ya mwaka 66 nayo haikuanzishwa na dhehebu moja. Liwali Gessius Florus alichukua talanta 17 kutoka hazina ya hekalu, mji ukachafuka, askari wakaua. Aliyekata kamba ni Eleazari, akida wa hekalu, kijana wa ukoo wa kuhani mkuu. Aliwashawishi makuhani wasipokee tena sadaka ya mgeni yeyote, na kwa hiyo sadaka ya kila siku kwa ajili ya Kaisari ikakoma. Makuhani wakuu na Mafarisayo mashuhuri walimsihi pamoja aache, hakusikia. Wakaingia Sikarii, watu wa majambia mafupi waliokuwa wakiwachoma wapinzani wao kwenye umati wa sikukuu, na moja ya kazi za kwanza za waasi ilikuwa kuchoma nyumba ya kumbukumbu zilimotunzwa hati za madeni. Maskini walielewa mara moja vita hii ilikuwa ya nani.

Na yule Ananus, Msadukayo aliyemwua Yakobo? Ndiye aliyechaguliwa kuongoza mji vitani dhidi ya Roma. Aliyekuwa naye uongozini ni Simeoni mwana wa Gamalieli, Farisayo. Mwaka 68 Wazelote, waasi wenye msimamo mkali walioshika hekalu, walimchagua kuhani mkuu kwa kura ya bahati, mtu wa kijijini, kisha wakawaingiza Waidumea, watu wa kusini mwa Uyahudi, mjini usiku, na Ananus akauawa. Wazelote kama kundi lenye jina hilo tunawaona waziwazi wakati huu tu. Usiwarudishe miaka 40 nyuma kwa sababu Luka anamtaja Simoni Zelote, maana neno hilo laweza kumaanisha mtu mwenye bidii kwa ajili ya sheria. Makundi ya ndani yalipigana mpaka yakachoma ghala za nafaka za mji. Jemadari wa Kirumi Titus alipofika mwaka 70 na vikosi vinne vya jeshi la Roma, njaa ilikwisha kuanzishwa na wenyeji. Mkuu wa wasaidizi wake alikuwa Tiberius Julius Alexander.

Mtasoma haya yote kwa Josephus, basi msomeni mkiwa macho. Alikuwa jemadari wa waasi Galilaya, akajisalimisha mwaka 67, akaandikia Roma akitunzwa na familia ya Kaisari Vespasianus na mwanawe Titus. Ana haja ya kuonyesha kwamba vita ililetwa na wahuni wachache na "falsafa ya nne", na kwamba watu wa tabaka lake walilazimishwa. Anaposema Mafarisayo na makuhani wakuu walitaka amani, anajitetea na yeye mwenyewe.

Hekalu lilipoteketea, Masadukayo walipoteza kile walichokishika, na hatuwasikii tena kama nguvu. Waesene walitoweka. Sikarii waliojifungia katika ngome ya Masada walikufa huko mwaka 73 au 74. Josephus anataja watu 960, na waliosalimika wakiwa wanawake wawili na watoto watano. Mapokeo ya Kiyahudi yanasema Yohanan ben Zakkai alitolewa Yerusalemu ndani ya jeneza, akamwomba Vespasianus mji wa Yavneh na wanazuoni wake. Kisa chenyewe kina ladha ya hadithi, lakini ni kweli kwamba walimu walikusanyika Yavneh, na mafundisho yaliyorithi mengi ya Mafarisayo yakaendelea bila madhabahu. Na hata urithi huo haukuwa wa amani tupu: mwaka 132 Bar Kokhba alipoinuka dhidi ya Kaisari Hadrianus, Rabi Akiva, mkubwa wa walimu wa kizazi chake, alimwona kuwa masihi.

Umeuliza Warumi waliyaonaje madhehebu. Maliwali walijali nani anatuliza mji na nani anauchafua. Tofauti za ufufuo na mapokeo ziliwachosha. Katika Matendo 23 jemadari wa Kirumi anamwandikia liwali Feliki kwamba Paulo anashtakiwa kwa maswali ya sheria yao tu, hakuna la kustahili kifo. Baada ya mwaka 70 hata tofauti ndogo waliyoiona ikafutika. Nusu shekeli ambayo kila Myahudi mwanamume alikuwa akilipa hekaluni iligeuzwa kodi ya Jupiter, mungu wa Roma, nayo ikatozwa Wayahudi wote wa dola, wanaume kwa wanawake. Chini ya Kaisari Domitianus ilikusanywa kwa ukali hata kwa waliofuata maisha ya Kiyahudi bila kujitangaza. Mwandishi Suetonius anakumbuka kwamba akiwa kijana alikuwapo barazani, pamejaa watu, mzee wa miaka 90 alipochunguzwa mwili kama ametahiriwa. Mwaka 96 Kaisari Nerva alitoa sarafu kutangaza kwamba mashtaka ya uongo katika kodi hiyo yamekomeshwa. Kodi yenyewe ikabaki.